Shangazi Hana Haraka

Saa kumi na moja alfajiri, Lexington. Ukungu
umelala juu ya nyasi kama shuka isiyokunjwa.
Mimi na toroli langu, samadi na maranda,
mabanda arobaini na mawili, na kila banda
matundu mawili ya pua yanayofuka mvuke kabla ya salamu.

Huku kila mtu ana farasi wake wa moyoni
na namna yake ya kukaa.
Bi Kesterson, mwenye shamba, hupenda warefu,
weusi, wenye shingo ya upinde.
Hukaa wima kana kwamba ana mtungi kichwani,
yeye ambaye hajawahi kuchota maji.
Akikunja kidole kimoja, farasi anageuka.
Sijui walisemezana lini.

Wendell ni wa tandiko zito lenye pembe mbele,
vikuku virefu, miguu inaning'inia,
hatamu mkono mmoja, kahawa mkono wa pili,
wala haimwagiki.
Anasema farasi mzuri ni yule unayemsahau
mpaka ufike.
Hapo sikubaliani naye. Kahawa yake naikubali.

Na Byamungu, mtoto wa dada yangu,
kilo hamsini na mbili pamoja na viatu,
huyo ni wa shoti. Magoti karibu yaguse kidevu,
makalio hayalijui tandiko.
Anapenda madume wa miaka miwili, weupe wa macho nje,
wanaotafuna lijamu kama mfungwa na mnyororo.
Akipita kwenye uzio ukamwita,
"Bya" ataisikia,
"mungu" itabaki na vumbi.

Wangu mimi ni Shangazi.
Kwenye karatasi ana jina refu, la mama na la baba,
na bei ambayo zamani ingenunua mtaa wetu mzima kule Uvira.
Sasa ana miaka ishirini na mitatu,
mgongo umebonyea kama kitanda cha wageni,
singa za shingoni zimenyonyoka upande mmoja,
jicho la kushoto lina wingu.
Hapendi mifuko ya plastiki wala mwanamume mwenye kofia.
Anapenda maganda ya tikiti
na kukunwa chini ya taya, polepole, mpaka mdomo ulegee.
Mwendo wake ni telki, nayo kwa kuombwa.

Jumapili, kazi ikiisha, nampanda bila tandiko.
Lugha yetu ni bahili: kupanda farasi, kupanda mbegu,
neno ni lile lile.
Siku ile ya kwanza Wendell aliponisukuma juu
nadhani alinipanda kwa maana ya pili.
Nilikaa pale nikingoja mvua.

Jumapili ya juzi Bi Kesterson akanikuta karibu na mfereji.
Nikajua kazi imekwisha.
Akaegemea uzio, akatazama mzunguko mzima bila neno.
Kisha: "Umekaa mbele mno. Na mgongo umeinama.
Nani alikufundisha?"

Ningemweleza nini? Kwamba mgongo wa kwanza niliopanda
ulikuwa wa dada yangu Nabintu,
yeye miaka kumi na mmoja, mimi mitatu,
mbeleko ya kitenge, usiku, njia ya mpakani?
Kwamba mtoto wa mbeleko hashiki hatamu,
huweka shavu, husikiliza pumzi,
na ile pumzi ikikatika
naye huizuia yake?
Kiingereza changu ni cha toroli na ndoo.
Nikasema: "Nilibebwa."

Akafikiri kidogo. Labda alisikia neno jingine.
"Visigino chini," akasema, "usije ukaanguka,"
akaenda zake, lango akaliacha wazi.

Tukalitazama, mimi na Shangazi.
Ng'ambo nyasi zilikuwa ndefu zaidi.
Nikashusha visigino.
Shavu nikalirudisha pale pale.