Namba Kumi na Saba

Redio ikitangaza mgao wa umeme,
huku Mtera tunajua kwetu kunachomoza.
Mijini wanatafuta mishumaa,
sisi tunatafuta viatu vya matope.

Bwawa hurudi nyuma kama mtu aliyekosea mlango.
Kijiji cha chini hutanguliza kitako cha kihenge,
kisha kuta za tembe, kimo cha goti,
kisha mafiga matatu ya kwa Sechelela,
bado yametazamana,
hayajaambiwa kwamba moto ulizimwa.

Mimi ni karani. Sikusomea.
Walinichagua kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa siku hiyo nilichelewa kikaoni.
Nina daftari la kaunta,
kamba yenye fundo kila mita,
na vipande vya bati vilivyotobolewa namba kwa msumari.

Nyemo, yule binti wa mambo ya kale,
alikuja na mitungi ya hewa mgongoni.
Watoto wakamuuliza kama hewa ya Dodoma mjini ni tamu.
Kabla hajazama alisema:
"Mimi nitaona mawe.
Jiwe lipi lilikuwa la nani, hilo mnalijua ninyi."
Basi mama Foibe Malogo, asiyejua kuogelea,
akamwongoza kutoka ukingoni kwa kuvuta kamba:
kushoto, mwanangu, kushoto tena,
hapo ni zizini, pita pembeni.
Akasahau kwamba chini ya maji hasikiki.
Akaendelea kusema.

Tulikubaliana: usichukue, usihamishe,
weka bati, ita wenzako.
Mchuuzi mmoja alitaja elfu ishirini
kwa kengele ya ng'ombe iliyoliwa ulimi na kutu.
Tukamwonyesha barabara.
Namba ishirini na tatu haina bati.
Lilikuwa kaburi; Chilongani alivua kofia,
nami nikaandika kwa penseli, taratibu.

Lakini kumi na saba.

Jiwe la kusagia, la bibi yangu Lehani.
Nililijua kwa lile bonde lililoegemea upande,
maana bega lake la kulia lilikuwa na nguvu zaidi.
Nililipakia kwenye baiskeli usiku wa manane,
jiwe mama na mwanawe,
nikaacha bati peke yake
kando ya shimo la mviringo.

Siku tisa nilisaga uwele juu yake.
Sitasema uongo: ugali ulikuwa mtamu.

Kikaoni wakauliza, kumi na saba iko wapi?
Nikasema maji yamelisukuma.
Mama Foibe alinitazama mikono,
kucha zangu nyeupe kwa unga.
"Maji," alisema, "hayabebi jiwe
yakaacha bati."
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenitaja jina.
Wakahamia ajenda ya choo cha shule,
na hilo ndilo lililoniuma.

Mvua zilikuwa zimeshanyesha huko juu,
Kizigo imeshuka nyekundu.
Nilipofika na baiskeli asubuhi
shimo lilikuwa limefunikwa, maji kiunoni.
Nikadhani niko peke yangu,
hata nikaona kamba inatembea majini, imenyooka,
na mwisho wake mama Foibe, na Chilongani,
na watoto wawili waliotoroka namba za darasani.
Hawakunisalimia.
"Fundo la thelathini na moja," akasema Foibe.
"Songa. Songa kidogo. Hapo."

Miguu ndiyo iliyoliona shimo.
Jiwe likakaa, likakataa kuyumba,
kama mtu aliyerudishiwa kiti chake.

Jioni nilifungua daftari:
*17. Jiwe la kusagia, mama na mwana.
Mwenyewe: Lehani. Liliondoka siku tisa,
aliyelichukua ni karani. Limerudi.
Mashahidi wanne, wawili ni wadogo.*

Nikafunga. Nikafungua tena.
Kwenye nyufa zake kulibaki unga,
ule wa jana yake, sikuufuta.
Nilipokuwa nainuka, perege walikuja
wadogo, kama kumi hivi,
wakaanza kula kwa bibi.

Nikaliandika na hilo.