Mifupa ya Mwalimu Mchome

Mimi nilipata F ya kemia.
Haya nisemayo yapokeeni hivyo,
ushahidi wa mtu aliyefeli.

Alishuka Maji ya Chai mwaka wa unga wa njano,
Mpare wa Usangi, sanduku la bati, koti moja,
na bureti aliyoivisha soksi
asije akaivunjia njiani.
Maabara tuliyompa ilikuwa stoo ya majembe.
Taa ya spiriti akaiunda kwa kichupa cha wino.
Maua ya choya akayachemsha, akayachuja,
akadondoshea magadi ya makande ya mama zetu,
na wekundu ukageuka kijani mbele ya macho yetu.
Nyuma ya darasa mtu akasema: mazingaombwe.
"Hakuna mazingaombwe," akajibu bila kugeuka.
"Mmoja anatoa, mwenzake anapokea. Andikeni."

Tuliandika. Hatukucheka.
Kwetu mtu alicheka kiganja kikiwa mdomoni,
kwa sababu jina la kijiji lilikuwa kwenye meno yetu,
kahawia, lenye mistari, kama kikombe kisichosuguliwa.
Arusha mjini, dirishani kwa karani,
hujataja kwenu, wameshajua.
Dada yangu mkubwa aliyasugua kwa majivu,
kisha kwa mchanga, kisha kwa msasa wa fundi seremala.
Fizi zilitoka damu, rangi haikutoka.

Siku hiyo ubaoni aliandika herufi moja tu, F.
Tukadhani matokeo yetu yametoka mapema.
"Huyu yumo mtoni," akasema. "Yumo kisimani,
yumo kwenye magadi. Haonekani, hanuki.
Si uchafu wenu. Si laana ya babu wa mtu.
Ni herufi."
Dawati la mbele, Nanyaro alianza kulia
na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ndipo akaanza mambo ya mifupa.
Jumamosi alipanda baiskeli hadi buchani Leganga,
akarudi na gunia, mbwa wa vijiji vitatu nyuma yake.
Alijenga tanuri la matofali nyuma ya vyoo vya shule.
Moshi ule! Kanisani walifunga madirisha.
Wakasema, hata jina lake lenyewe ni amri, Mchome,
sasa anachoma nini usiku, na ni mifupa ya nani?
Mkuu wa shule akamwita. Diwani akamwita.
Aliitwa mara nyingi kuliko alivyopandishwa cheo.
Kila alikoitwa alikwenda na ndoo mbili
na kiganja kimoja cha mkaa:
mweusi tititi haujaiva, mweupe umekufa,
"wa kijivu ndio wenye njaa. Huo ndio unaoila F."

Miaka thelathini na mmoja.
Madaktari wake siwajui idadi, watahesabiwa na wengine.
Mimi nauza ndizi. Mlinganyo sijui kuuweka sawa
hadi leo. Lakini ndoo ninayo,
ya juu ina mifupa, ya chini ina bomba,
na najua kwamba mifupa nayo hushiba,
na ikishiba hukuachia kila kitu kipite
bila kukuambia.
Binti yangu wa mwisho, Eliaichi,
hucheka hadi magego yanaonekana.
Kuna siku nilimgombeza, afunge mdomo,
kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Juzi, siku ya soko, nilimwona Tengeru,
ameinama, anabishana bei ya vitunguu, Mpare yule yule.
Hakunijulia hali.
"Mifupa umebadilisha lini?"
Nikasema, mwezi jana, Mwalimu.
Akanikazia jicho usawa wa mstari,
kama zamani, akisoma bureti,
hadi tone la mwisho.
Nilikuwa nadanganya. Alijua.
Nikacheka,
na mkono wangu, kwa mazoea, ukapanda,
ukafika kidevuni,
ukasita hapo.