Nyayo za Jana

Mimi ndiye ninayeamka kwanza.
Saa kumi alfajiri, Julai, Okavango imekaza meno,
nafukua jivu la gogo la motswere
na moto wa jana haujafa, umejifunika tu.
Napuliza. Birika jeusi linakaa
pale lilipokaa kabla sijaajiriwa,
juu ya mawe matatu aliyoyapanga Rra Gabaake
ambaye siku hizi naye ni mchanga.

Mkate niliuzika usiku
ndani ya sufuria ya chuma, makaa chini, makaa juu.
Naupiga kwa kifundo cha kidole.
Ukiitika kama mlango, umeiva.

Wageni husema wamefuata tandala.
Hufika na bunduki zimelala katika ngozi
kama wana wa wafalme,
na siku ya tatu hawaulizi tena urefu wa pembe.
Wanauliza maji ya kuoga:
ile ndoo ya turubai inayoning'inia mtini,
lita ishirini zinazonuka moshi,
na nyota zote zikichungulia.
Kwao, nasikia, maji ya moto hutoka ukutani
bila mtu kuyaomba.
Labda ndiyo sababu.

Bwana Dietmar alikuja mara kumi na moja.
Kwao Kassel alikuwa fundi viatu,
viatu vya watu ambao mguu mmoja umekataa kulingana na mwenzake.
Ndiyo maana yeye na Gcao walielewana bila lugha:
wote wawili husoma nyayo.
Huinama pamoja, vidole mchangani.
Huyu ni dume. Huyu anachechemea. Huyu alisimama hapa, akageuka.
Wakicheka, hatujui wamecheka nini.

Mwaka huu goti lake lilitangulia kuzeeka.
Gcao alifupisha hatua, akasingizia mwiba.
Mimi nyuma na kikapu cha chai,
mwenye bunduki za kambi nyuma yangu, kimya,
na maji ya mafuriko yakitambaa kati ya nyasi,
maji ya mvua ya nchi nyingine,
yanayofika sisi tukiwa tumekauka.

Chini ya mimopani tukazikuta.
Kwato mbili mbili, nzito, kingo zake kali bado.
Gcao akachuchumaa muda mrefu.
Akamtazama mzee, akalitazama goti.
"Za jana," akasema.
Bwana Dietmar naye akachuchumaa, kwa shida,
akapitisha kidole ukingoni mwa wayo
kama anayepima soli.
"Za jana," akakubali.

Nilipita mimi wa mwisho.
Nilikanyaga kinyesi.
Kilikuwa cha moto.

Sikusema neno. Nilimimina chai.

Jioni alikula vipande vinne vya mkate,
akaomba karabai ipunguzwe.
Fisi akalia ng'ambo, kiboko akamkemea,
kamba za hema zikanung'unika kwa umande.
Akaniuliza, kwa Kitswana chake cha kuokoteza,
kama mwakani nitakuwepo.
Nikasema, Rra, mkate hauwezi kujizika wenyewe.
Alicheka mpaka akakohoa.

Nina nyumba Maun. Ina umeme, ina bomba,
ina kitanda cha springi nilichokilipia miezi tisa.
Msimu ukiisha nalala juu yake macho makavu,
nasikiliza bati, na bati halina la kusema.
Mwanangu Oreneile ananiambia: Mma,
unawapikia matajiri waliochoka.
Ni kweli. Mshahara ni mdogo, hiyo pia ni kweli,
na mgongo wangu unajua uzito wa kila ndoo.
Lakini yeye hajawahi kupuliza jivu gizani
na jivu likamjibu.

Ndege yake iliondoka Alhamisi.
Nikashika ufagio wa matawi, nikafagia kuzunguka moto,
vichungi vya sigara, maganda, alama za viti,
mpaka kilipokuwa kiti chake:
nyayo mbili mchangani,
ya kushoto imezama kuliko ya kulia.

Gcao alikuwa akinitazama, anakunja turubai.
"Za lini hizo?" akauliza.

Nikainua ufagio, nikaziruka.