Ala ya Mashoto

Karakana ya Tuovi ni nusu ya banda;
nusu nyingine gari limelala, theluji ikidondoka matairini.
Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ndani, tupa ya marehemu kaka yake, Eino,
inalainika makaani.

Kisu cha kwanza kilipasuka ndani ya mafuta,
tik, mlio mdogo kama wa kidole,
na wiki nzima ikaenda na maji.
Hakulaani. Alichukua kipande kilichobaki,
akangoja chuma kiikatae sumaku,
akazamisha, akahesabu hadi kumi na tano.
Kimya.
Akakioka jikoni, kwenye oveni ya keki,
hadi rangi ya majani makavu ilipotanda.

Mpini ni maganda ya mti wa betula, vipande sitini,
vimebanwa kimoja juu ya kingine.
Ngozi imelowa tangu asubuhi.
Kisu amekivisha nailoni kisishike kutu,
anaikanda ngozi juu yake kwa vidole gumba,
kisha sindano mbili, uzi mmoja wa nta,
zinapishana tundu kwa tundu
kama majirani wasiosemezana.

Kitanzi cha mkanda anakigeuza.
Viljami ni mashoto.
Eino naye alikuwa, mpaka mwalimu wa darasa la pili
alipomfunga mkono ule kwa kamba ya kiatu.
Maisha yote alishika tupa kwa mkono wa kuazima.

Tuovi anachomeka. Anachomoa.
Anachomeka tena.

Jumamosi kijana atauliza bei.
Kijiko kimoja cha mti, atamwambia,
ukichonge hapahapa, nikiona,
kwa mkono unaoutaka.