Viganja vya Baba, Siku ya Wakwe

Wakwe wako Njoro, simu imesema,
na Baba ndiyo kwanza anaingia na shati la kazi,
viganja vyeusi, vidole vimeshikana
kama watoto waliogombezwa.

Asubuhi nzima alikuwa kiwandani, hapa Elburgon,
akigeuza magogo ya msonobari.
"Nilidhani ni gogo kavu," anasema.
Gogo kavu halilii.
Hili limemlilia hadi kwenye viwiko.

Sabuni ya kipande kwanza, kwenye karai.
Maji yanateleza juu ya ulimbo
kama nasaha juu ya mlevi.
Ndegwa, mwenye haraka zake, anamwaga jivu;
sasa Baba ana glavu za kijivu
na Mama hacheki, anahesabu sufuria.

Kwamboka wa jirani analeta mafuta ya taa
kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
"Haya hayakosei," anasema.
"Na harufu je?" Mama anamjibu.
"Amsalimie mkwe akinuka koroboi?"

Ndipo Nyagaki, mwenye siku yake,
kitambaa kichwani, wanja jicho moja,
anatoka jikoni na kopo la mafuta ya kupikia,
yale ya chapati, yaliyobaki,
na sukari kiganjani.
Anapiga magoti mbele ya karai.
"Mkono."

Anapaka. Anangoja. Hasugui upesi.
Mafuta yanaingia polepole chini ya ulimbo
kama mgeni anayejua kubisha hodi,
na ulimbo unalegea, unakuwa uji,
unaondoka na sukari, punje kwa punje.
Kidole gumba. Cha shahada. Kovu la msumeno,
la mwaka ule wa karo yake ya kidato cha kwanza.
Hawaongei.
Baba anautazama utosi wake
kama mtu anayesoma barua ndefu.
Kucha anazimalizia kwa mswaki mzee.

Honi langoni.

Shati jeupe, vifungo viwili vimekosana.
Mzee Kiarie anashuka garini, ananyoosha mkono,
mikono inakutana,
na inakawia.
Kumbe pale kwenye shina la gumba
pamebaki tone, dogo kama punje ya ulezi.
Baba anavuta. Mkono hauji.
Anavuta tena, kwa adabu.
Mzee Kiarie anasikia kushikwa
na mtu asiyetaka kumwachia,
na macho yanamlowa pale pale,
mbele ya kuku na wajomba.

Chapati siku hiyo zilikuwa kavu
hata chai ilizionea huruma.
Mama alizigawa bila kumtazama mtu.
Lakini yule mzee, aliposimama kusema,
alikitazama kiganja chake kwanza,
akakinusa,
akaongeza mbuzi wawili.