Mita Kumi na Mbili

Nilikuja na futikamba na fomu ya kurasa saba.
Chumba kiko nyuma ya duka la madaftari, Mtaa wa Rwagasore,
mlango umebanana na mashine ya fotokopi,
na juu yake bango lililoandikwa kwa mkono:
FURU – TIKETI ZA NDEGE.

Nikapima. Urefu nne, upana tatu.
Kanuni inataka kumi na sita.
Bi. Nyanjige Lutonja akautazama ukuta wa mashariki,
ambao si ukuta, ni jiwe;
nyumba ilijengwa ikaliegemea, kama nyingi za mji huu,
na jiwe halijawahi kuombwa lisogee.
"Pima na baraza," akasema. "Wateja wangu huketi barazani."
Nikasema baraza si ofisi.
Akanifungulia soda.

Sanduku la chuma lililofungwa sakafuni: halipo.
"Pesa hazilali hapa, mkaguzi. Zikilala zitaota nini?"
Watumishi wawili wenye cheti: mmoja, yeye.
Wa pili ni Sayi, mwanawe, kidato cha tatu,
anayejua kwa kichwa vifupisho vya viwanja vyote vya Afrika.
Dhamana ya benki:
hapo alicheka, wala si kwa dharau,
alicheka kama mtu aliyeulizwa bei ya ziwa.

Akaingia mama kutoka Ukerewe na barua ya Bugando;
mtoto anatakiwa Dar Alhamisi, moyo.
Noti zilitoka kwenye pindo la kanga, zikahesabiwa mara mbili,
zikapungua mara mbili.
Nyanjige akachapa tiketi. Pengo akaliandika kwenye daftari
lenye jalada la bluu.
Nilitafuta kipengele cha daftari la bluu.

Nikamweleza: kanuni hii haikuota yenyewe kama magugumaji.
Kuna mtu pale Kirumba aliuza tiketi arobaini na moja
kwa kwaya nzima. Karatasi nzuri, zenye muhuri.
Wakafika uwanjani na majoho ya zambarau,
wakaimba saa mbili wakidhani ndege imechelewa.
"Namjua," akasema. "Mama yangu alikuwa sauti ya pili."
Nje fotokopi ikaendelea kutema karatasi.
"Ndiyo maana nilifungua hapa."

Kisha, bila kupandisha sauti:
"Ziwani mnatwambia jicho la wavu liwe pana,
mchanga apite, akakue.
Mkipanda huku mjini mnalibana jicho,
mchanga anaswe. Na sangara?
Yule wa Kirumba alikuwa na mita arobaini, mkaguzi.
Alikuwa na sanduku la chuma.
Alikuwa na dhamana, na kiyoyozi, na wasichana wawili wenye vyeti."

Sikuliandika hilo. Fomu haina mstari wake.
Niliandika: 12. Niliandika: Hapana. Hapana. Hapana.
Penye Maoni nikaweka "Usafi unaridhisha,"
nikajiona mkarimu.

Jioni mvua ikatoka ziwani ikitembea wima,
ikameza Ilemela, ikameza taa za njia ya ndege.
Safari imefutwa, wakasema, pigeni simu makao makuu.
Nikapiga. Muziki. Sauti ya mashine:
wewe ni wa thelathini na nne.
Watu walikaa juu ya mabegi yao. Mwingine alimwaga samaki
wa barafu iliyoyeyuka, maji yakanifikia viatuni.

Nikafungua mkoba. Nikatoa fomu.
Ukurasa wa kwanza, kipengele cha nne: simu ya mwombaji.
Mwandiko ulikuwa wangu.

Akapokea mlio wa pili. Nikajitaja,
nikaanza kueleza. Hakuulizia fomu.
"Nipe majina matatu," akasema,
"kama yalivyo kwenye kitambulisho. Taratibu.
Herufi moja ikikosewa, hawakupandishi."