Bei ya Ndoo Moja

Mama anagonga kokoto kilimani Bugarika,
mguu mmoja ameukunja, wa pili ameunyoosha,
na kipande cha tairi amelizungushia jiwe
lisiruke, lisimpofushe.
Ndoo ya lita ishirini, elfu moja.
Ukija na gari, mnaelewana.

Mimi kazi yangu ni kusoma kwa sauti.
Jiografia, kidato cha kwanza,
daftari limeingia vumbi mpaka mistari imepotea.
"Ganda la dunia," nasoma, "limekatika vipande,
vipande vinaitwa mabamba,
na kila bamba linasogea
kwa mwendo wa kucha kuota."
Mama akasimamisha nyundo,
akatazama mkono wa kushoto:
kidole cha shahada hakina kucha tangu Pasaka,
ya cha kati ndiyo kwanza inachungulia.
"Basi kwangu," akasema, "dunia imesimama kidogo."
Akaendelea. Ko. Ko. Ko.

Mwalimu Lugembe alisema jiwe hili ni itale,
lilikuwa uji wa moto chini, chini kabisa,
likapoa gizani, polepole,
bila mtu wa kulipepea,
ndiyo maana punje zake ni kubwa:
hii nyeupe kama chumvi ya mawe,
hii ya waridi kama ufizi wa mtoto,
na ulanga mweusi, ule unaometa
kwenye nyusi za Mama jioni.
Juu yake palikuwa na nchi nzima.
Mvua ikaila ile nchi, ikaihamisha,
mawe yakatoa kichwa, yakatoa mabega,
yakakaa moja juu ya mwenzake
kama wageni waliokosa viti.
Miaka bilioni mbili na nusu.
"Ina sufuri ngapi?" Nane.
Akapanga kokoto nane mstarini,
akazitazama,
akazifagilia ndani ya ndoo.

Na ziwa? Ziwa ni mtoto wa juzi.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema,
lakini ufa wa ukubwa ule nani angeuziba?
Ulikuja, ukakuta jiwe letu gumu,
ukagawanyika, nusu mashariki, nusu magharibi,
kingo zikainuka, katikati pakabonyea
kama godoro la watoto watatu.
Mito iliyokuwa ikienda zake magharibi
ikarudishwa ilikotoka,
maji yakakosa njia, yakakaa.
Na kuna wakati yalikauka yote,
nyasi zikaota anapopita sangara sasa.
Hapo Mama alikataa.
"Hata Ukerewe ungekwenda kwa miguu?"
Kwa miguu.
"Bila nauli!"

Mchana ule ng'ambo ya ziwa kulipotetemeka
vyombo ndivyo vilivyojua kwanza:
vikombe vikagongana kabatini,
maji ya ndoo yakajichora duara,
kuku wakanyamaza wote pamoja.
Nyumba yetu haina ukuta wa nyuma, ina jiwe.
Nikaliwekea kiganja.
Kitu kikapita ndani yake, upesi,
kama mtu anayepita ukumbini usiku
asiwaamshe waliolala.
Jirani yetu Kwandu alitoka mbio
na mtoto mkono huu, rimoti ya runinga mkono huu.
Mama alibaki ameketi.
"Nalipiga kila siku," akasema. "Leo limejibu."
Halafu akanituma nikatazame maharage.

Jumamosi likaja Fuso,
mtu wa Buhongwa anajenga fremu za maduka.
Anataka ndoo kwa mia nane.
Mama hakuinua macho.
"Mzigo umekaa miaka bilioni mbili na nusu
haujaoza, haujapanda bei,
na wewe unataka upunguziwe mia mbili?"
Yule bwana akanitazama mimi,
mimi nikatazama daftari.
Akacheka, akalipa.
Gari lilipojaa, Mama akachota bakuli moja zaidi,
akalimwaga juu ya lundo.
"Nyongeza," akasema.
"Hili ni la kabla ya ziwa."